Pumu ya Ngozi Katika Baridi ya Meru

Kila mwaka masika yanapokatika na ukungu kushuka kutoka Mlima Meru, nyumba nyingi za Arusha huingia katika msimu wa kujikuna. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, chini ya mlima unaozidi mita 4,500, na kati ya Juni na Agosti hewa yake huwa baridi, kisha kavu, kisha yenye vumbi. Watu wazima hupauka miguu na kupasuka midomo, wakapaka mafuta wakaendelea na shughuli zao. Lakini yuko mtoto ambaye msimu huu kwake ni mateso: hujikuna hadi shuka likapata madoa ya damu, halali, na mama yake halali. Huyu ndiye mwenye maradhi ambayo wengi wetu tunayaita pumu ya ngozi, na wengine ukurutu.

Tumeamua wiki hii kuyazungumza maradhi haya kwa kirefu kwa sababu moja. Wazazi wengi wa Kiislamu hupenda tiba ya upole na ya asili, na mapenzi hayo ni mema. Tatizo ni kwamba neno "asili" limegeuzwa kuwa chambo. Chini ya jina hilo mtoto hupakwa vitu vinavyomuunguza, na chini ya jina hilo hilo huuziwa dawa kali sana iliyofichwa ndani ya kopo lisilo na lebo. Upole wa kweli upo, ni wa bei nafuu, lakini unahitaji kujulikana ulivyo.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Ngozi yenye afya ni kama ukuta: chembe zake ni matofali, na mafuta yaliyo kati yake ni udongo unaoyashikanisha. Kwa mwenye pumu ya ngozi udongo huo una upungufu. Maji ya mwilini hutoka, vumbi, sabuni na vijidudu huingia, na mwili hujibu kwa kuwasha. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, walionyesha kuwa baadhi ya wagonjwa wa Ulaya wamerithi hitilafu katika protini moja inayojenga ukuta huo. Kwa Waafrika hitilafu hiyo hiyo haionekani sana, kwa hiyo sababu ni zaidi ya moja. Ila kurithi kupo, na mara nyingi katika ukoo huo huo utamkuta mwenye pumu ya kifua na mwenye mafua yasiyokwisha ya mzio. Hauambukizi. Mtoto huyu anaweza kulala na ndugu zake, kukaa mkeka mmoja na wenzake madrasa, na kupewa mkono na kila mtu.

Vitabu vingi vya tiba vilivyoandikwa Ulaya husema ngozi hugeuka nyekundu. Juu ya ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Tunachokiona sisi ni ngozi iliyokuwa ya kijivu au nyeusi zaidi ya kawaida, vijipele vidogo vilivyosimama kama vya mtu anayesikia baridi, na baadaye ngozi nene yenye mikunjo kama ya mtu mzee. Kwa mtoto mchanga huanzia mashavuni na kichwani. Akikua huhamia nyuma ya magoti, ndani ya viwiko, shingoni na kwenye vifundo. Ikitulia huacha mabaka meupe au meusi. Mabaka hayo si ugonjwa mpya, na wala si ya kusuguliwa yatoke. Hurudi yenyewe kwa miezi.

Mkanganyiko mkubwa ni kati ya pumu ya ngozi na upele. Upele huletwa na mdudu mdogo anayechimba ndani ya ngozi, na unaambukiza. Dalili yake ni kwamba nyumba nzima inajikuna, hasa usiku, na vipele hukaa katikati ya vidole, kwenye viganja vya mikono, kiunoni na sehemu za siri. Tiba yake ni dawa ya kupaka kwa wote waliomo ndani kwa siku moja, wanaowashwa na wasiowashwa, pamoja na kufua nguo na mashuka. Ukimpaka mwenye pumu ya ngozi dawa ya upele utamuunguza bure. Ukimpaka mwenye upele dawa ya pumu ya ngozi, muwasho hupungua kidogo huku wadudu wakiendelea kuzaana. Choa na mapunye nayo yana sura yake: duara lenye ukingo ulioinuka, au kichwa chenye magamba na nywele zilizokatika. Asiyekuwa na hakika akamwonyeshe mhudumu wa afya kabla ya kununua chochote.

Sasa tuje kwenye maji, kwani hapo ndipo makosa mengi huanzia. Katika baridi ya Julai mama humpenda mwanawe kwa kumwogesha maji ya moto, kumsugua kwa dodoki, na kumpaka sabuni ya mche ile ile ya kufulia ili "uchafu utoke". Kila kimoja kati ya hivi vitatu huyeyusha au kukwangua yale mafuta machache yaliyobaki ukutani. Maji yawe vuguvugu, yaani mkono wa mama usione moto wala baridi. Muda usizidi dakika 10. Sabuni itumike makwapani, sehemu za siri, miguuni na mikononi tu, tena iwe laini na isiyo na manukato. Mwili uliobaki hutakata kwa maji. Mtoto akaushwe kwa kubonyezwa na taulo au kanga laini, asisuguliwe, kisha apakwe mafuta ngozi ingali na unyevu, kabla hata ya kuvaa. Dakika chache za kuchelewa katika hewa kavu ya Arusha zinatosha kuipoteza faida ya maji yale.

Mafuta gani? Swali hili huulizwa kuliko yote, na wauzaji hulipenda. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 550 wenye pumu ya ngozi waliogawiwa aina nne za vilainishi, kuanzia vyepesi vya majimaji hadi vizito vya mgando. Hawakuona aina moja iliyozishinda nyingine. Kwa mzazi wa Unga Limited au Ngaramtoni hii ni habari njema: mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na rangi wala manukato, yanayopatikana katika kila duka la mtaa, hayana sababu ya kudharauliwa mbele ya kopo la maelfu ya shilingi. Kinachotofautisha ni kiasi na uaminifu wa kupaka. Madaktari hushauri mtoto mwenye hali mbaya atumie gramu 250 hadi 500 kwa wiki, mwili mzima, angalau mara mbili kwa siku, hata siku ambazo ngozi ni nzuri. Wengi wetu hupaka kiasi cha kungarisha tu. Chota kwa kijiko safi, si kwa vidole, ili usitie vijidudu ndani ya kopo. Paka kwa kufuata mwelekeo wa malaika. Na tahadhari moja isisahauliwe: nguo na mashuka yaliyolowa mafuta hushika moto upesi, kwa hiyo mtoto aliyepakwa asikae karibu na jiko la mkaa wala mshumaa. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua kwa hewa yake hata pasipo moto, lakini hilo lina makala yake.

Wapo wanaotaka mafuta ya mimea, na hapa tunapaswa kusema kwa adabu jambo ambalo baadhi ya wasomaji hawatalipenda. Mafuta ya zeituni yana heshima yake katika dini yetu na faida yake katika chakula haina ubishi. Lakini utafiti uliofanywa na Chuo Kikuu cha Sheffield na kuchapishwa 2013 ulionyesha kuwa yakipakwa mara kwa mara kwenye mkono wa mtu mzima huudhoofisha ule ukuta wa ngozi na kuleta wekundu kidogo, wakati mafuta ya alizeti hayakufanya hivyo. Ngozi ya mtu mzima mwenye afya hulistahimili hilo. Ya mtoto mwenye pumu ya ngozi ina hasara tayari. Katika mji unaoletewa mafuta ya alizeti kutoka Singida kwa madumu, mzazi anayetaka mafuta ya mmea hana haja ya kutafuta ya mbali. Ayachague yaliyochujwa vizuri, mapya, yasiyotumika kukaangia. Mafuta ya nazi safi nayo yamepimwa kwa watoto nchini Ufilipino, matokeo yakachapishwa 2014, na yalifanya vizuri kuliko mafuta ya madini waliyolinganishwa nayo.

Habbat soda je? Ipo tafiti ndogo ya Iran, ya 2013, iliyowahusu watu wenye ukurutu wa mikono, na mafuta yake yalileta nafuu. Hatuwezi kuyafanya hayo kuwa hukumu kwa mashavu ya mtoto wa miezi sita, kwani pia wapo watu ambao mafuta haya yamewaletea mzio wa ngozi. Anayetaka kuyajaribu kwa mtu mzima apake tone moja ndani ya mkono, asubiri siku mbili, aangalie. Kipimo hicho kifanywe kwa mshubiri pia, maana utomvu wake wa manjano chini ya ganda huwasha hata ngozi nzima. Mafuta ya mwarobaini asinyweshwe mtoto kamwe. Yamewahi kuwatia watoto degedege. Ama limao, majivu, kitunguu saumu kilichopondwa, mafuta ya karafuu na spiriti, hivi vyote huunguza. Kuungua kule si dalili kwamba "dawa inafanya kazi".

Vipo pia vitu vya furaha vinavyodhuru. Udi na manukato mazito juu ya nguo za mtoto humuwasha. Hina ya majani yenyewe kwa kawaida haina neno, lakini piko, ile nyeusi inayokolea kwa dakika chache siku za harusi na Idi, mara nyingi hutiwa kemikali ya kupaka nywele rangi. Kemikali hiyo inaweza kuchoma mkono mpaka ukatoa malengelenge, na mzio wake hauondoki: anayeupata akiwa na miaka saba ataubeba hadi uzeeni. Binti mwenye pumu ya ngozi apakwe hina ya kawaida, asubiri ikolee usiku kucha kama walivyosubiri bibi zake.

Nguo za baridi nazo ziangaliwe. Sweta za sufi kutoka mitumba ya Kilombero ni msaada mkubwa kwa familia, ila zikigusa ngozi hii huchoma kama miiba. Fulana ya pamba ivaliwe chini, shingo ikiwa imefunikwa. Nguo za mtumba zifuliwe kabla ya kuvaliwa na zisuuzwe mara mbili ili sabuni ya unga isibaki.

Katika jambo hili la mavazi tunakumbuka riwaya iliyomo katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Anas, kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaruhusu Abdurrahman bin Auf na Zubeir bin Awwam kuvaa hariri kwa sababu ya muwasho waliokuwa nao. Hariri ni haramu kwa wanaume, nasi sote tunalijua hilo. Watu wazima wawili, mashujaa, wanalalamika kuwashwa, na hawaambiwi wavumilie: wanapewa nafuu. Siku hizi pamba laini inatosha. Lakini baba anayemkaripia mwanawe "acha kujikuna" kwa mara ya hamsini katika usiku mmoja angeitafakari riwaya hiyo. Muwasho huu mtoto hauwezi. Mkatie kucha, mfunike mikono kwa soksi safi za pamba usiku, mwekee kitambaa chenye maji ya baridi pale panapowaka, kisha mpake mafuta. Hayo humsaidia kuliko makaripio.

Wasomaji wakubwa wenye ukurutu wa mikono huuliza kuhusu udhu. Maji ya bomba alfajiri ya Julai, mara tano kwa siku, na kuachia ukavu wa upepo, hupasua vidole. Usiuache upepo ukukaushe: beba kitambaa, jikaushe, paka mafuta papo hapo. Je, mafuta hayazuii maji ya udhu unaofuata? Wanachuoni wameeleza kuwa kinachozuia ni kitu chenye tabaka linalofunika ngozi, na kwamba ulaini tu wa mafuta yaliyokwisha kuingia hauna neno. Basi paka mara tu baada ya udhu, si kabla yake, na tabaka zito lifutwe. Aliye na vidonda ambavyo maji yanamdhuru anayo ruhusa ya tayammum iliyotajwa katika Suratul Maida, aya ya 6. Amwendee imamu wake amweleze hali yake ilivyo. Kuhusu saumu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha 10 kilichofanyika Jeddah 1997 liliamua kuwa vinavyonyonywa na ngozi, kama mafuta na krimu za dawa, havifunguzi. Hakuna haja ya kuacha kupaka mchana wa Ramadhani.

Tumefika kwenye dawa, na hapa ndipo panapotutia hofu zaidi. Kilainishi peke yake hakitoshi pale ngozi imekwisha kuvimba. Daktari huandika krimu ya steroidi: haidrokotizoni ambayo ni dhaifu kwa uso na kwa watoto wachanga, au yenye nguvu zaidi kwa sehemu nene za mwili, kwa siku chache hadi wiki mbili, kisha husimamishwa. Wazazi wengi wakisikia neno steroidi hukataa, kwa kuwa "si ya asili" na "inaharibu ngozi". Wakishakataa humwendea muuzaji wa barabarani mwenye kopo la "mitishamba" linalofuta kila kitu kwa siku tatu. Hakuna mtishamba tunaoujua unaofanya hivyo. Kinachofanya hivyo ni steroidi kali, aina ya klobetazoli au betamethazoni, iliyochanganywa ndani bila kutajwa. Ndiyo hiyo hiyo wanayoitia katika mkorogo wa kujichubua. Kwa hiyo mama amekimbia dawa dhaifu iliyopimwa, akaangukia kali isiyopimwa, tena usoni mwa mtoto, tena kwa miezi. Ngozi huwa nyembamba, mishipa ikaonekana, michirizi isiyofutika ikatokea; na siku akiiacha ghafla, ugonjwa hurudi kwa kishindo, naye huamini kuwa lile kopo lilikuwa zuri na anunue jingine. Ngozi inayozidi kuwa nyeupe kuliko mwili uliobaki ni onyo tosha.

Krimu ya daktari ina kipimo chake. Ikamue kuanzia ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kiungo cha kwanza. Kiasi hicho kinatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Ipakwe mahali palipovimba tu, mara moja au mbili kwa siku kama ulivyoelekezwa. Ikitumika hivi, hofu tulizonazo juu yake hazina nafasi.

Neno kidogo kuhusu chakula. Mtoto hunyimwa mayai, samaki, maziwa na karanga kwa mpigo kwa kudhaniwa kuwa ndivyo vinavyomletea. Wachache kweli wana mzio wa chakula, na dalili yake huja upesi: midomo kuvimba, mabaka kusambaa, kutapika, kukosa pumzi. Hiyo ni dharura. Lakini kumnyima mtoto wote wawili, yai na maziwa, kwa miezi bila ushauri wa daktari, humdumaza na ngozi ikabaki vile vile. Mama anayenyonyesha aendelee. Wapo pia wanaoyalaumu maji ya mitoni upande wa Meru kwa floraidi yake. Floraidi hiyo inaharibu meno na mifupa ya watoto wetu, na inastahiki kulaumiwa kwa hayo. Haijulikani kuwa chanzo cha maradhi haya.

Wala mama asilaumiwe. Tunasikia wakwe wakisema ni uchafu wake, au maziwa yake mabaya, au jicho la husuda. Kisomo na dua havigombani na kilainishi, na atakaye amsomee mtoto huku akimpaka. Lakini mwanamke aliyekesha wiki tatu anahitaji mtu wa kumpokea mtoto alfajiri, na hilo baba analiweza.

Ziko hali zisizosubiri. Ngozi ikitoa maji na kufanya magamba ya rangi ya asali, au usaha, vijidudu vimeingia. Yakitokea ghafla malengelenge madogo mengi yanayouma, yanayofanana yote, pamoja na homa, huenda ni virusi vinavyoweza kuyafikia macho, na mtoto afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Kituo cha afya cha kata ndicho mlango wa kwanza, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru. Yanaposhindikana, tuna bahati ambayo mikoa mingi haina: Moshi, mwendo wa takribani kilomita 80, katika Hospitali ya KCMC, kipo kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambacho kimewasomesha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Ukienda, chukua kila kopo na kila tyubu uliyowahi kumpaka mtoto, hata lile lisilo na lebo, hata lile unaloona haya kulionyesha. Daktari akiliona atajua aanzie wapi.